Roboti Iliyohesabu Mifugo ya Koko

Mtoto akipewa betri ataiingiza kinyume. Sikusema labda. Ataiingiza kinyume, kisha atakaa akuangalie kana kwamba wewe ndiye uliyekosea. Nawaambia hili mapema, nyinyi vijana mlioanza juzi kutengeneza roboti za kufundishia shuleni, kwa sababu mimi nililijua baada ya kuunguza roboti sita asubuhi moja, darasa moja, na moshi ukatoka dirishani mpaka mpishi wa shule akaja mbio na sufuria ya maji. Maji kwa nyaya, jamani! Nilimrukia yule mama kama golikipa.

Mimi ni Rispa. Kwetu ni Kakamega, lakini Kitengela imenila miaka mingi, na nyumba niliyopanga hapa Noonkopir nilipokuja kutafuta kazi ndiyo hii hii ninayokaa nikiwa nimestaafu. Nilianza kama fundi wa redio. Redio zikaisha, nikaingia kwa simu. Nikiwa tayari na mvi nikaajiriwa na karakana moja ndogo hapa mjini, iliyotengeneza magari madogo ya roboti ili watoto wa shule za msingi wajifunze kuandika programu. Najua mnaniita Shosho Roboti nikiwapa mgongo. Nimesikia, na sijakataa.

Aliyeniokoa na aibu ya betri alikuwa seremala wetu, Mutiso, mtu wa Machakos, mpole mpaka inaudhi. Mimi nilikuwa nimeandika karatasi nzima ya maagizo: betri iwekwe hivi, isiwekwe vile, mstari chini ya kila neno. Mutiso aliisoma yote, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kisha akachukua kijisanduku cha betri, akachonga upande mmoja ukawa mwembamba kidogo kuliko mwingine. Basi. Betri ikiwekwa kinyume, haikai.

"Rispa," akaniambia, "usimkataze mtoto. Tengeneza kitu kikatae chenyewe."

Nilinuna siku mbili. Mimi fundi wa umeme nifundishwe na mtu wa msasa na gundi! Lakini nilirudi, na kuanzia hapo sikupeleka kitu shuleni kabla Mutiso hajakishika. Alinifundisha kutumia skrubu za saizi moja tu, maana ukitumia saizi mbili mtoto atailazimisha ile kubwa kwa tundu dogo na nguvu zote alizokunywa na uji. Alinifundisha kufunika mota. Vumbi la Kajiado halibishi hodi, na kule Loitokitok, kwenye mashamba ya nyanya, ni tope. Roboti moja ilirudi kutoka huko ikiwa na tope mpaka kwa spika. Ilikuwa ikiongea kama mtu mwenye mafua.

Jambo lingine ni hili la kompyuta moja kwa watoto kumi. Nyinyi mnafikiri watapokezana. Wapi! Kuna mmoja atakalia kibodi kama kiti cha ukoo, na wale tisa watajifunza kutazama kisogo chake. Niliona hayo muhula mzima. Ndipo tukaacha kibodi kabisa, tukatengeneza amri kwa vipande vya mbao: mbele, nyuma, geuka, ngoja, kama. Kila mtoto anashika chake. Programu inapangwa kwa ubao kama treni, na kama kipande kimoja kinakosekana, roboti haiendi popote. Mtoto mnyamavu kuliko wote akishika kile cha mwisho, utaona vile anavyobembelezwa.

Na msiseme "kulia" kwa mtoto anayetazamana na roboti. Kulia kwa nani? Nimeona ugomvi wa kweli juu ya hilo, watu wa Gredi ya Nne wakivutana sweta. Siku hizi watoto wanasimama nyuma ya roboti, wote wanaangalia inakoangalia. Rahisi hivyo, na ilinichukua mwaka.

Sasa, haya yote ni makosa ya mikono. Mikono inasameheka. Kosa langu kubwa lilikuwa la mdomo, na hilo ndilo nilitaka kuwaambia tangu mwanzo, ila najichelewesha kwa sababu bado linaniuma.

Kulikuwa na shule moja ya msingi ukishapita Kajiado mjini, kando ya barabara ya kwenda Namanga. Mwalimu Nashipae ndiye aliyetuita. Mwanamke mrefu, anaongea taratibu, Mmasai wa hapo hapo. Yeye mwenyewe alisomea kompyuta kwa kibodi iliyochorwa kwenye kadibodi. Mwalimu wao alikuwa akisema "bonyeza", nao wanabonyeza karatasi. Aliniambia hivyo akicheka, lakini macho hayakucheka. Alikuwa ameapa watoto wake hawatabonyeza karatasi.

Alichohitaji ni chumba. Kilikuwepo kimoja tu, stoo ya mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana. Aliomba, akaomba tena, hadi mwalimu mkuu akachoka, akampa kwa muhula mmoja. Magunia yakahamia ofisi ya walimu, na walimu wakawa wanasahihisha madaftari wakiwa wamekalia maharagwe. Unaweza kuwaza walivyompenda Nashipae. Mwalimu mkuu aliweka sharti: mwisho wa muhula wazazi waje waone. Wakikubali, chumba ni cha roboti. Wakikataa, magunia yarudi na mambo yaishe.

Tulifundisha vizuri. Haki, tulifundisha vizuri. Somo la siku ya wazazi lilikuwa limepangwa: roboti inabeba chaki kutoka meza moja hadi nyingine, inakwepa kiti, inasimama. Nashipae alilipitia, akalipenda. Lakini siku mbili kabla, nikiwa karakanani Kitengela, nikaliona limepoa. Chaki? Mzazi aache ng'ombe aje kuona chaki ikibebwa? Nikasema hapana, hawa ni wafugaji, niwape kitu chao. Nikawaza na kuwazua, nikapata: roboti isimame mlangoni mwa zizi, na kila mnyama akipita, ihesabu. Kwa sauti! Nilirekodi sauti yangu mwenyewe, nikaitengeneza iwe nzuri kama ya mtangazaji. Mutiso aliuliza, "Umemwonyesha mwalimu?" Nikamwambia nataka kumshtua. Nilimshtua, ndiyo.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa asubuhi. Watoto walikuwa wamefinyanga ng'ombe na mbuzi wa udongo wiki hiyo, kila mmoja akifinyanga wa kwao nyumbani, kwa rangi zake na pembe zake. Mimi nikaona bahati imenijia. Nikaomba wanyama, nikajenga zizi la vijiti mezani, nikaweka roboti mlangoni. Nashipae alikuwa nje akiwapokea wazazi. Alipoingia aliona zizi, akaniangalia, nikamkonyeza.

Mbele kabisa alikaa bibi ya msichana mmoja wa Gredi ya Sita aitwaye Sein. Wote walimwita Koko, yaani nyanya. Mama mwembamba, shuka nyekundu, fimbo magotini, na hakuna aliyekaa kabla yake. Nilimsalimu Kimaa changu cha kuokota, "Takwenya," akaitikia, "Iko," kwa heshima yote.

Nikawasha. Nikampitisha ng'ombe wa kwanza wa udongo.

"Moja!" ikasema roboti, kwa sauti yangu ya utangazaji. "Mbili! Tatu! Nne!"

Nilikuwa nikitabasamu. Nilitabasamu mpaka "saba", ndipo nikatazama chumba. Watoto walikuwa wameinamisha macho. Sein alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Zima hiyo kitu," Koko akasema.

Mimi, kwa haraka, sikuona swichi, na mkono wangu uliopapasa mlangoni nao ukahesabiwa. "Nane!" ikasema. "Tisa!"

"Zima!"

Nikang'oa betri. Koko alisimama, akaja mezani, akachukua ng'ombe wa udongo wa Sein na kumfunika kwa shuka. "Hii ni ng'ombe yetu," akasema, si kwa kelele. "Hata mimi mwenyewe sijawahi kuzihesabu na mdomo. Sasa wewe umetoka Kitengela na mashine, unazihesabu mbele ya watu. Unataka zife?"

Akatoka. Na wazazi mmoja mmoja wakaja, kila mmoja akachukua mnyama wa mtoto wake, wakatoka nyuma yake. Mwalimu mkuu alitazama zizi tupu, akatazama paa, akasema Jumatatu magunia yanarudi.

Mayie! Nilitamani sakafu inifungukie. Miaka yote hiyo nimekaa kaunti hii ya Kajiado, nanunua maziwa kwao, nasalimiana nao sokoni, na sikuwa nimejua kwamba mifugo haihesabiwi hivyo, na watoto pia hawahesabiwi. Ukihesabu umeita mkosi. Kwetu sisi kuku wanahesabiwa jioni na hakuna anayekufa isipokuwa mgeni akija. Niligeuka kumtafuta Nashipae. Nilitaka anitukane. Ningepona haraka.

"Fundi," akasema tu, "ungeniuliza."

Kisha akaanza kufagia vijiti vya zizi na vumbi la udongo lililobaki mezani. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimeachwa kanisani na gauni nimevaa, kwa hiyo naijua aibu.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda kwa Koko kuomba radhi. Nilibeba sukari na majani chai, na Nashipae akakubali kunipeleka, ingawa njia nzima hakuongea nami zaidi ya "shika kushoto". Tulifika mifugo ikirudi. Koko alipokea sukari, akanionyesha kigoda kando ya mlango wa zizi, akaniambia nikae na ninyamaze. Nikanyamaza. Wanaonijua watashangaa.

Wanyama wakaingia. Wengi, vumbi, kelele, kusukumana. Koko alikuwa akiangalia tu, akiongea na Nashipae habari za mvua huku wakipita. Wa mwisho alipoingia, mchungaji akashika mlango afunge. Koko akainua fimbo.

"Ngoja. Yule wa rangi ya kahawia, mwenye pembe imelala, hayuko."

Mchungaji akarudi nyuma mbio, na baada ya muda akaja naye, ng'ombe mwenye kiburi, anatafuna kama hajafanya kosa. Mimi nilishindwa kujizuia.

"Koko, nisamehe, lakini umejuaje? Hujawahi... hujafanya ile kitu."

Akanicheka. Mara ya kwanza. "Wewe uko na watoto?"

"Niko nao."

"Wakikaa kula, unawahesabu?"

"Hapana."

"Na mmoja akikosa, unajuaje?"

Nikafikiria wanangu walipokuwa wadogo, kila mmoja na pahali pake kwenye mkeka, na kelele yake. "Naona pahali pake pako wazi," nikasema.

"Eeh," akasema Koko. "Sasa funza mashine yako hivyo."

Vijana, nimeajiriwa na kufukuzwa, nimehudhuria semina na kupewa vyeti, na hakuna aliyewahi kunipa kazi kwa maneno machache namna hiyo. Ndani ya gari nilimgeukia Nashipae nikamuuliza. Nilimuuliza kila kitu: hii inaruhusiwa? Na hii? Majina tutaje? Rangi tutaje? Akanijibu moja moja, na tulipofika lami alikuwa ameanza kunichorea kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi. Jioni hiyo alimpigia mwalimu mkuu simu. Akamwambia Koko ndiye ameagiza. Mwalimu mkuu akampa mpaka Ijumaa iliyofuata, na akaongeza kwamba hakuna nyingine baada ya hiyo.

Kazi yenyewe watoto ndio waliifanya. Mimi na Mutiso tuliongeza jicho la kutambua rangi tu. Watoto wakarudisha wanyama wao wa udongo kutoka nyumbani, kila mnyama akasimamishwa juu ya kibao kilichopakwa milia ya rangi zake, na watoto wakaifunza roboti kila mmoja kwa zamu, kwa vile vipande vya mbao: kama ni kahawia na nyeupe, huyu ni Mugie wa kina Sein, mpitishe. Kama ni mweusi mtupu, ni Narok, mpitishe. Kipande cha "kama" ndicho kigumu kuliko vyote kufundisha. Nimeona watu wazima wakikikimbia. Wale watoto walikimeza siku mbili, maana nyumbani ndivyo wanavyofanya kila jioni. Mwisho wa programu walipanga hivi: kama kuna ambaye hajaonekana, usifunge mlango, washa taa, mwite kwa jina. Hakuna jumla popote. Sauti yangu ya utangazaji niliifuta kwa mkono wangu, na sauti ikawekwa ya Sein.

Ijumaa ikafika. Koko akakaa mbele tena. Nashipae alisimama ukutani, amekunja mikono. Nje dirishani niliona walimu wawili tayari wamevuta gunia moja hadi barazani.

Koko aliomba wanyama wapite mbele yake kwanza, awaone. Watoto wakawapitisha kwa mkono. Kisha roboti ikawashwa, wakaanza kuingia zizini, na roboti ikikaa kimya tu, ikitazama, kama yeye alivyofanya. Wa mwisho akaingia. Mlango haukufungwa. Taa ikawaka, na sauti ya Sein ikatoka kwa spika:

"Mugie! Mugie!"

Wazazi wakanong'ona. Koko alifungua shuka, akamtoa Mugie wa udongo aliyekuwa amemficha, watu wakapiga kelele na kucheka. Akamweka mlangoni, akampitisha kwa kidole.

Taa haikuzimika.

"Mugie!" ikaita tena. "Mugie!"

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu akatazama saa. Niliinuka, bisibisi mkononi, na Nashipae akanishika kiwiko. Alinishika kwa nguvu kweli.

"Mwache," akasema.

Ndipo nikaona Sein amekwisha kuinama. Hakunitazama mimi, hakumtazama mwalimu. Aligusa kipande cha kwanza cha programu, cha pili, cha tatu, akisoma kwa midomo bila sauti. Akafika kwenye "kama" ya Mugie, akasimama. Akamwinua ng'ombe, akatazama milia ya kibao chake. Ilikuwa safi. Akainama tena, uso karibu kabisa na roboti.

"Programu ni sawa," akasema. "Iko na vumbi kwa jicho."

Akavuta mkono wa sweta, akapangusa lile jicho polepole. Akampitisha Mugie. Taa ikazimika, na kale kamlango ka vijiti kakajifunga.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wakimngoja Koko. Alimwangalia mjukuu wake, kisha akageuza kigoda chote kumkabili mwalimu mkuu.

"Hayo mahindi yako," akasema, "yatafutie nyumba nyingine."

Chumba kililipuka. Walimu wa barazani wakaanza kulirudisha lile gunia ofisini wakinung'unika. Na Mwalimu Nashipae, mwanamke yule wa taratibu, aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni na viatu vyake vizuri, akacheka huku akilia, na Sein akaja kukaa kando yake akaanza kumweleza, kwa kirefu, vile vumbi linavyoingia kwa jicho na kwa nini ni lazima tutengeneze kifuniko.